Kazi ya Kupigwa

Damaris Kerubo alifundishwa kuanguka akiwa mtu mzima, kwenye sakafu ya mbao ya ukumbi uliokodishwa Oud Metha, Dubai, ghorofa moja juu ya kliniki ya meno. Kwanza goti, halafu paja, halafu bega. Kichwa huja mwisho, polepole, kama mtoto anayelazwa. Anayepiga hamgusi mwenzake. Mkono wake unapita hewani mbele ya shavu, na anayepigwa ndiye anayetoa mlio, kwa kujipiga kiganja kwenye paja lililo mbali na macho ya watazamaji.

"Mpigaji hana kazi kubwa," Bi Hilwa alimwambia. "Kazi yote ni ya anayepigwa."

Bi Hilwa ndiye aliyekuwa na kundi. Jukwaa Huru, aliliita. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mjukuu wa watu waliotoka Unguja baada ya mapinduzi, wakapita Maskati, wakafika Dubai wakati mtaa wa Deira ungali vichochoro na mchanga. Alisomea maigizo ng'ambo na akarudi na imani kwamba mchezo ukichezwa vizuri mbele ya watu wachache unaweza kumwokoa mtu. Walicheza kwa mwaliko tu, mapazia yamefungwa, simu za wageni zimewekwa kwenye kapu mlangoni.

Damaris hakuja kule kuokolewa. Alikuja kwa sababu alikuwa mchekeshaji. Kazi yake ilikuwa udobi katika hoteli moja ya Al Rigga, chini kabisa ya jengo, mahali ambapo mashine ya kupigia pasi mashuka hunguruma kutwa na hewa inanuka klorini. Alikuwa akiwaigiza wasimamizi wao mpaka wenzake wanaegemea mikokoteni kwa kicheko. Lois, Mkenya mwenzake, afisa wa wafanyakazi katika kampuni moja, alimsikia kwenye sherehe ya Jamhuri akimwigiza arbab, bosi wao, anayekagua foronya kama mtu anayetafuta nyoka, akamshika mkono palepale. "Wewe, twende nikupeleke kwa watu wako."

Kwenye Jukwaa Huru kila zoezi lilianza kwa duara. Watu wanakaa chini, kila mmoja anatoa jambo moja la kweli, na linalosemwa pale halitoki. Mara ya tatu Damaris alitoa lake. Alisimulia jinsi ndugu zake wawili, huko Nyamira, walivyomkuta na binti wa mchungaji ndani ya ghala la mahindi, wakamtoa nje na kumpiga kwa mnyororo wa baiskeli mpaka mama yao akaanza kuimba wimbo wa mazishi, akidhani mtoto amekwisha kufa. Alisimulia kwa mzaha, kama alivyosimulia kila kitu. Hakuna aliyecheka. Bi Hilwa alilia. Ilipofika wiki iliyofuata simulizi ile ilikuwa imeshakuwa mchezo, na Damaris ndiye anayepigwa.

Baada ya hapo hakupewa nafasi nyingine. Aliomba.

"Bi Hilwa, safari hii nipe yule hakimu."

"Hakimu ni Lois, mwanangu. Ana sauti ya hakimu."

"Basi yule mama mwenye nyumba. Naweza kuwachekesha mpaka wakojoe."

"Wewe ni roho ya mchezo. Roho haibadilishwi."

"Sasa roho gani hii inapigwa kila wiki?"

Wote walicheka, na aliyecheka zaidi alikuwa Zephania, mhasibu wa kutoka Mbeya, mtu mpole mwenye mabega mapana, ambaye kazi yake kwenye mchezo ilikuwa kumpiga Damaris.

Kundi lilikuwa na neno walilolichukua kwa Waganda, kuchu, la watu wanaopenda wa jinsia yao, na walilitamka kwa upole kana kwamba ni jina la mgonjwa. Kwenye barua za wafadhili Lois aliandika, "Tunao wanawake kuchu ndani ya kundi." Wanawake, kwa wingi. Alikuwa Damaris peke yake. Wageni walipokuja aliitwa mbele: "Na huyu ndiye Damaris wetu." Mgeni mmoja, mama wa Kizungu, aliwahi kuuliza baada ya mchezo: huyu dada, akitoka hapa, usalama wake vipi? Bi Hilwa akamzungushia Damaris mkono mabegani. "Huyu ni mwanetu. Siku akishikwa na jambo, nyumba yangu ipo. Nina chumba nyuma ya jiko, kitupu, kinamngoja." Ukumbi mzima ulipiga makofi.

Usiku ule Damaris alimpelekea Wangari habari ya chumba kama mtu anayebeba kaa la moto kwenye kigae.

Wangari alikuwa mhudumu katika mkahawa wa Al Rigga. Waliishi nyumba moja Al Nahda, ghorofani, wanawake kumi na zaidi katika vyumba viwili, kila kitanda na pazia lake. Vitanda vyao vilielekeana. Walipendana kwa muda mrefu kabla ya kugusana, kwa vikombe vya chai vilivyopitishwa chini ya pazia. Wangari alikuwa mfupi, mwenye hasira za karibu na kicheko cha karibu. Ndugu yake mkubwa, Isaiah, alikuwa mlinzi wa jengo mtaa uleule na shemasi katika kanisa lao. Yeye ndiye aliyemleta Dubai, na alimlinda kama alivyolinda lile jengo: alijua anaingia saa ngapi na anatoka na nani.

"Chumba na mlango?" Wangari aliuliza. "Mlango wa kufunga kwa ndani?"

"Na kufuli."

"Wacha uongo, Dami."

"Watu wote wamesikia. Ameapa mbele ya Mzungu."

Kwa hiyo waliishi wakijua kwamba kipo. Hata Isaiah alipomwita dada yake pembeni na kumuuliza mbona haonekani na mwanamume, Wangari alimjibu kwa ujeuri wa mtu mwenye mahali pa kwenda.

Kilichowavunja kilitoka Jukwaa Huru. Lois alitengeneza kijarida cha wafadhili na kuweka picha ya Damaris ukurasa wa mbele, uso mzima, macho yamejaa machozi ya mchezo, na chini yake maneno: mwanamke kuchu, dobi, sauti ya wasio na sauti. Hakumuuliza. Alidhani picha nzuri ni zawadi. Mtu akampelekea mtu, na kabla wiki haijaisha kijarida kilikuwa kikizunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya Wakenya wa Dubai, kwenye simu za watu wa kanisani, kwenye simu ya Isaiah.

Alikuja Jumapili asubuhi, wenzao wote wakiwa ibadani. Wangari alikuwa zamu. Damaris alikuwa amebaki peke yake, simu mkononi, akifanya zoezi la Jumapili. Hiyo ilikuwa kanuni ya Bi Hilwa: kila Jumapili kila mchezaji hurekodi sauti yake akifanya kipande chake nyumbani na kukitupa kwenye kundi lao la WhatsApp, na wenzake humjibu, humsahihisha, humtia moyo. Damaris alikuwa ameshabonyeza kitufe, anavuta pumzi, mlango ulipogongwa. Alidhani ni mtu wa maji ya chupa. Akafungua huku kidole kikiwa bado kimebana.

Isaiah hakutoa salamu. Alikuwa amevaa suti ya kanisani. Ngumi ya kwanza ilimpata mdomoni na jino likavunjika na kumkaa chini ya ulimi kama punje ya mchanga.

"Msagaji wewe! Unamchafua dada yangu?"

"Isaiah, ngoja. Ngoja kwanza, kaka."

"Mimi si kaka yako!"

Alimkamata nywele akampigiza uso kwenye fremu ya mlango, mara moja, tena, kwa utulivu wa mtu anayepigilia msumari. Damaris alianguka. Hapakuwa na goti wala paja. Alianguka mwili wote kwa pamoja, na kichwa kikatangulia. Isaiah alimpiga mateke ya mbavu kwa kiatu chake cha ncha, na kila teke alilitangulizia neno, kana kwamba anamfundisha mtoto kusoma. Kitu ndani ya ubavu kilikatika kwa sauti ndogo kavu. Hapo kidole kikalegea, simu ikamtoka, ikateleza chini ya kitanda.

Isaiah alipochoka alinawa mikono kwenye sinki la jikoni, akajifuta kwa taulo la mtu.

"Wangari nimeshamtoa kazini, yuko chumbani kwangu, nimemfungia. Ukimfuata nitakwenda polisi mwenyewe, na kijarida hicho mkononi. Utafungwa, halafu utarudishwa Kenya. Na yeye pamoja nawe. Umesikia?"

Akatoka. Akafunga mlango taratibu, kama mgeni mwenye adabu.

Damaris alitambaa mpaka kitandani akaivuta simu kwa kifagio. Polisi hapakuwa mahali pa kukimbilia. Swali la kwanza lingekuwa kwa nini alikupiga, na jibu lingewafunga wao wawili. Alikuwa na mlango mmoja tu mjini. Akafungua simu aombe kile chumba.

Rekodi ilikuwa imeshakwenda. Kidole kilipolegea ndipo ilipojituma, na chini yake majibu yalikuwa yamejipanga.

Zephania alikuwa ametuma vijipicha vya moto vya kusifia. Lois ameandika: "Dada! Nimesisimka mwili mzima. Na huyo uliyempata acheze mpigaji ni nani? Mlete!" Na Bi Hilwa, kwa sauti yake ya taratibu, alikuwa amerekodi: "Sasa umefika, mwanangu. Hapo ndipo nilipokuwa nikikungoja siku zote. Pale unaposema 'ngoja' usiharakishe. Ipe pumzi."

Damaris aliandika kwa kidole kilicholowa damu: Ni kweli.

Lois akajibu upesi: "Tunajua ni kweli. Ndiyo maana imetugusa."

Alikaa na simu ile mapajani, akaanza kucheka, na kicheko kikamchoma ubavu mpaka akatapika.

Masuda, mwanamke wa Kampala aliyeikodi nyumba ile kwa jina lake, alirudi kutoka kanisani akakuta damu sakafuni. Hakuuliza nani. Kijarida alikuwa ameshakiona. Alimpa barafu iliyofungwa kitambaa, akamshika kidevu, akamtazama kwa huruma ya kweli. Halafu akasema, "Khalas, dada yangu. Hapa huwezi kulala. Polisi wakija kukutafuta watatuondoa sote. Kusanya vitu."

Damaris alipokuwa akikusanya, ujumbe wa Wangari uliingia. Isaiah amekwenda zamu, amemfungia, lakini kitasa ni kibovu. "Nikitoka nije wapi?"

Damaris alimtumia anwani ya nyumbani kwa Bi Hilwa, kulekule Oud Metha. "Kwa Bi Hilwa. Chumba kipo."

Alipanda metro, behewa la wanawake, barakoa usoni, mkoba kifuani. Binti mmoja wa Kifilipino aliinuka akampisha.

Bi Hilwa alifungua mlango, akaona uso ule barakoa iliposhushwa. Alishika ukuta.

"Ya Allah... Lile lilikuwa la kweli?"

"Nilikwambia."

"Nisamehe, mwanangu. Nisamehe." Akamkumbatia. Akamkalisha, akamwosha uso kwa maji ya uvuguvugu, akalia kwa sauti ya chini muda wote. Kisha akawapigia Lois na Zephania simu, kwa sababu katika Jukwaa Huru hakuna lililoamuliwa bila duara.

"Nimekuja kwenye kile chumba," Damaris alisema. "Mimi na Wangari. Yuko njiani."

Bi Hilwa alikunja kitambaa, akakikunjua.

"Chumba kimejaa vitu, mwanangu. Huwezi hata kuingia."

"Nitavitoa."

"Na ndugu zangu wanakuja kutoka Maskati. Na jengo hili ni la familia, bawabu anaangalia nani anapanda. Watu wananijua hapa." Sauti yake ikawa ya mtu mwingine, mzee zaidi. "Babu yangu aliondoka Unguja na kanzu aliyovaa. Hapa wakinitoa sina pa kwenda. Wewe unayo Kenya."

"Kenya nina mnyororo wa baiskeli, Bi Hilwa."

Kengele ikalia. Lois aliingia akilia tayari, Zephania nyuma yake, kofia mkononi kama mtu aliyefika msibani. Walikaa chini kwenye zulia. Walifanya duara. Zephania alisema anaona aibu kwa sababu yeye ni mwanamume. Lois alisema amevunjika. Bi Hilwa alisema hana neno. Walishikana mikono, na wa Damaris waliushika kwa uangalifu kwa sababu ulikuwa umevimba. Alingoja mmoja wao aseme neno kitanda. Lois alikaa nyumba ya vyumba viwili peke yake. Zephania alikuwa na gari hapo chini. Zamu zilizunguka, watu walizungumza juu ya maumivu yao, na kila mmoja alipomaliza wengine waliitikia kwa kichwa.

"Nitalala wapi?" Damaris aliuliza.

"Tutaandika kwa wafadhili," Lois alisema. "Kuna mashirika. Wiki hii hii, naapa. Na ile rekodi, kama utatupa ruhusa, kwa ruhusa yako tu, ingewafungua watu macho..." Aliona uso wa Damaris akaacha. Alikuwa mtu mwema. Hilo ndilo lililofanya hali iwe mbaya zaidi. Alimsogelea. "Usilibebe peke yako, dada. Lirudie hapa, kati yetu, litoke mwilini. Zephania, simama uwe huyo Isaiah."

Zephania aliinuka nusu.

"Kaa," Damaris alisema. "Isaiah nitakuwa mimi. Lois, wewe uwe mimi."

Lois alisita, kisha akasimama. Alifumba macho, akavuta pumzi kama walivyofundishwa, na mkono wake wa kushoto akauweka tayari kando ya paja kwa ajili ya mlio.

Ngumi ya Damaris ilimpata katikati ya uso. Mikono iliyobeba mashuka mabichi miaka yote ile ina uzito wake. Pua ilivunjika, Lois akaenda chini na meza ndogo pamoja naye, glasi zikapasuka, na Damaris alikuwa juu yake kabla hajalia. "Sema ngoja!" alimwambia. "Sema! Ipe pumzi!" Akampiga tena, shavuni, damu ikaruka kwenye zulia. Zephania alimkamata kwa nyuma. Mtu mpole yule alimzungusha na kumpiga ngumi ya ubavu, palepale palipovunjika, kwa nguvu zake zote, na Damaris akagonga ukuta akateleza mpaka chini. Zephania alitazama mkono wake mwenyewe kwa mshangao.

"Mpeleke ndani!" Bi Hilwa alipiga kelele. "Mlaze chumba cha nyuma! Haraka, anavuja damu!"

Zephania alimbeba Lois kama bibi harusi. Wakapita jikoni. Mlango ukafunguliwa, na kutoka pale chini ukutani Damaris aliona ndani: kitanda kimoja, shuka jeupe lililonyooshwa, mto, feni, taa ndogo. Hapakuwa na sanduku wala kikapu. Palikuwa na nafasi ya watu wawili.

"Niwapigie polisi?" Zephania aliuliza kutoka ndani.

"Usithubutu! Unataka tufe sote?" Bi Hilwa alitokea mlangoni, kanga yake imeingia damu ya Lois, machozi bado yanamtoka. Hakumkaribia. "Damaris. Toka nyumbani kwangu. Sasa hivi."

Alishuka kwa ngazi, akiegemea ukuta. Nje jua la alasiri lilikuwa likichoma lami. Wangari alikuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye teksi, begi moja, viganja vimechubuka, kicheko mdomoni.

"Nimevunja kitasa kwa mtungi wa gesi! Ungeniona! Jirani amedhani ni bomu." Kisha akamwona vizuri. Kicheko kilikwenda. Alimgusa shavu kwa kidole kimoja. "Ataua mtu, yule. Nimevunja mlango wake, Dami, sirudi tena kule. Chumba kiko ghorofa ya ngapi?"

"Ya nne."

"Basi twende ulale."

"Wametunyima."

"Si ulisema kipo?"

"Kipo. Nimekiona. Kimetandikwa."

Wangari alisimama. Simu yake ililia mkobani, ikaacha, ikalia tena, na wote walijua ni nani. Aliinua begi lake, akaingia kwenye lifti, na Damaris, aliyekuwa hawezi kukimbia, aliwahi tu kuingiza mguu kabla mlango haujajifunga.

Ghorofa ya nne Wangari aliupiga mlango wa Bi Hilwa kwa ngumi zote mbili, halafu kwa begi, halafu kwa kiatu.

"Fungua! Tumekuja kwenye chumba! Wewe mama, fungua, uliapa!"

Kwenye korido milango mingine ilianza kufunguka, kwa ufa tu, jicho la mzee, mtoto, shungi la mwanamke. Wangari hakujali. Ubao ulitoa vumbi kwenye fremu. Damaris alimwambia aache, kisha akasimama kando yake, na kwa mkono ambao bado ulikuwa mzima akapiga naye. Ndani palikuwa kimya kabisa, kimya cha watu wanaozuia pumzi.

Bawabu alitoka kwenye lifti akihema, funguo zikimlia kiunoni. Aliwatazama, mmoja mwenye uso uliopasuka, mwingine mwenye viganja vya damu, akasogea mlangoni na kugonga kwa heshima.

"Madam? Madam Hilwa? Kuna wanawake wawili hapa. Unawafahamu?"

Walingoja. Upande wa pili wa ubao, karibu sana, mtu alisogeza mguu. Kisha ile sauti iliyomfundisha Damaris mahali pa kuvuta pumzi ilisema, wazi na bila kutetemeka:

"Siwafahamu."

Bawabu alitoa simu yake awapigie polisi. Wangari aliinua kiatu tena. Damaris alimkamata kiuno kwa mkono mmoja, akamvuta nyuma huku akipigana naye, akimng'oa pale mlangoni, na begi wakaliacha, wakateremka ngazi wakishikana na kuangukiana.